Majina ya mwanzo katika filamu ni 'Paukwa!' ya msimulizi

Fanani wa ngano hauvamii mkasa wake ghafla. Huita "Paukwa!", nayo hadhira huitika "Pakawa!" Hapo ndipo masikio hufunguka. Je, filamu nayo ina kianzio chake?

Kwa miaka mingi, orodha ya majina ya waigizaji na watayarishaji haikupewa uzito. Huko Marekani, baadhi ya kumbi ziliiacha ipite pazia likiwa bado limefungwa, watu wakitafuna bisi zao. Mnamo 1955, Otto Preminger alipotoa The Man with the Golden Arm, kumbi ziliagizwa zifungue pazia kabla ya majina kuanza.

Kwa nini? Msanii Saul Bass alikuwa amechora milia myeupe tu kwenye giza. Milia hiyo inaingia, inakatika, inapishana, huku jazi ya Elmer Bernstein ikirindima. Mwishowe inageuka mkono uliopindapinda. Mhusika mkuu, anayeigizwa na Frank Sinatra, ni mraibu wa heroini. Mkono ndio anaogawia karata kamarini, ndio anaotamani kupigia ngoma, na ndio unaodungwa sindano. Hajatamka neno, nasi tumeshaona kifungo chake.

Miaka mitatu baadaye, Bass alishirikiana na Alfred Hitchcock katika Vertigo. Tunaona jicho la mwanamke, kisha mizunguko inachomoza ndani yake. Muziki wa Bernard Herrmann unapanda na kushuka bila kutua. Kiswahili kina neno lake hasa: kizunguzungu. Hebu litamke polepole. Silabi zenyewe zinajirudia kama ile michoro. Katika Psycho (1960), milia inayakata majina vipande vipande, ala za nyuzi pekee zikisikika. Kisu hakijaonekana, lakini tumekwisha kuogopa.

Wahakiki wetu humfunza mwanafunzi kuchambua anwani na jalada la riwaya. Lakini akipewa filamu, ati huanzia kwenye mazungumzo ya kwanza! Nasi nyumbani tuna kitufe cha kurukia mbele, tunakibonyeza bila kufikiri. Basi tusishangae maudhui yakitupita. Anayeruka mwanzo ni sawa na aliyefika kwenye ngano wenzake wakiwa wamekwisha kuitikia.