Somo la Historia: Jinsi Nijeria Ilivyogawanywa Majimbo na Wilaya

Fungueni madaftari yenu, na mwenye ramani ya Afrika aitandaze mezani. Leo twaenda Afrika ya Magharibi, katika nchi ya Nijeria. Tutajifunza jinsi nchi kubwa inavyogawanywa, na kwa nini watu huigombania mipaka.

Nijeria ilipata uhuru tarehe 1 Oktoba 1960. Wakati ule ilikuwa na mikoa mikubwa mitatu tu: Kaskazini, Magharibi na Mashariki. Mwaka 1963 ukaongezwa wa nne. Katika mikoa hiyo makabila madogo yalinung'unika kwamba hayasikilizwi. Mwezi wa Mei 1967 mkuu wa serikali ya kijeshi, Yakubu Gowon, aliivunja mikoa akaunda majimbo 12. Siku tatu baadaye Mashariki ilijitenga, ikajiita Biafra. Ugomvi ule ulikuwa na sababu nyingi, na vita vilipiganwa mpaka Januari 1970.

Baada ya vita majimbo yalizidi kuongezwa. Yalikuwa 19 mwaka 1976, yakawa 21 mwaka 1987, 30 mwaka 1991, na 36 mwaka 1996. Hesabu hiyo haijabadilika mpaka leo.

Sasa tutazame ndani ya jimbo. Mwaka 1976 serikali ilitoa utaratibu mmoja kwa nchi nzima: kila jimbo ligawanywe katika wilaya, na kila wilaya iwe na halmashauri yake. Leo wilaya hizo ni 774, pamoja na 6 za Abuja, mji mkuu. Majina yao yameandikwa katika Katiba ya 1999. Halmashauri hutunza masoko na vituo vya magari, huzoa taka, na huandikisha vizazi na vifo.

Pengine utauliza: Mbona watu wagombanie wilaya? Jibu ni fedha. Kila wilaya hupata fungu katika hazina ya nchi, na sehemu ya fungu hilo hugawanywa sawa kwa sawa. Jimbo la Kano lina wilaya 44. Jimbo la Lagos, ambalo nalo lina watu wengi sana, lina 20 tu. Bayelsa ina 8. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Hata mahali pa kujenga ofisi paweza kuleta msiba. Mwaka 1997, karibu na mji wa Warri, makao makuu ya wilaya moja yalihamishwa kutoka upande wa Waijaw kwenda upande wa Waitsekiri. Majirani walipigana, na watu wengi walikufa.

Tena fedha hazikufika zote. Zilipitia mikononi mwa serikali za majimbo, na halmashauri zililalamika kwamba zinazuiliwa. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama Kuu Kabisa ya Nijeria iliamua kwamba kila wilaya ilipwe fungu lake moja kwa moja.

Basi, ndugu msomaji, ukiona mstari mwembamba katika ramani, usiudharau. Nyuma yake mna soko la mtu, na kodi yake, na amani ya jirani yake.

Sasa jibuni maswali haya:
1. Nijeria ilikuwa na mikoa mingapi siku ya uhuru?
2. Utaratibu mmoja wa wilaya ulianza mwaka gani?
3. Kwa nini Kano hufaidika kwa kuwa na wilaya nyingi?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.