Muthokoi
Mgeni anayehamia Tala, mji wa soko ulioko Matungulu katika Kaunti ya Machakos, hukutana mapema na neno muthokoi, ambalo katika Kikamba ni jina la mahindi yaliyokobolewa, yaani yaliyotwangwa kinuni kwa maji kidogo hadi ganda la nje likabanduka, kisha yakachemshwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Kukoboa huko ndiko kunakoutofautisha na githeri ya Wakikuyu, ambayo punje zake hupikwa na maganda yake, na ndiko kunakoupa ulaini unaomfanya hata anayeuonja kwa mara ya kwanza aombe kuongezewa. Makande ya Tanzania ni ndugu yake wa karibu; hata hivyo, waandishi wa Kiswahili wasione haya kuliandika neno muthokoi kama lilivyo, badala ya kuliita makande.