Nyaya za Land Rover ya Babu: Chanzo cha Historia Kisichoandikwa

Wenzangu wengi wa somo la historia wakitakiwa kutafuta chanzo kisichoandikwa huenda makaburi ya Kasubi, au huketi na mzee na kinasa sauti. Mimi nililala chali chini ya dashibodi ya Land Rover fupi ya mwaka 1964, tochi mdomoni, nikihesabu nyaya.

Gari hilo lilikuwa la marehemu babu yangu, aliyelinunua kwenye mnada wa magari ya serikali. Mwaka jana Baba aliamua litembee tena. Injini haikusumbua sana. Nyaya ndizo zilizogoma. Tulipounga betri, moshi ulitoka nyuma ya dashibodi, na katika Land Rover fupi za wakati ule tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, yaani anapokaa dereva wetu. Baba alichomoa betri mbio. Kisha akasema nyaya zote zing'olewe na shaba iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwomba anipe wiki mbili kabla ya kuuza chochote, kwa kuwa nilikuwa nimeshaona kwamba nyaya zile hazikuwa za enzi moja.

Zilikuwa tabaka tatu. La chini kabisa ni la kiwandani, nyaya za Lucas wa Birmingham, zilizofungwa tita moja kwa kitambaa cha pamba kilichooza. Lucas alikuwa na kanuni ya rangi. Waya wa kahawia hutoka kwenye betri na una moto saa zote. Mweupe hupata moto swichi ikifunguliwa, wa kijani hupita kwenye fyuzi baada ya swichi, wa zambarau una fyuzi lakini hausubiri swichi, wa buluu ni wa taa kubwa, mwekundu wa taa ndogo, mweusi wa athi. Kanuni hiyo ilitumika pia kwenye Austin na Morris, kwa hiyo fundi aliyejifunza gari moja la Kiingereza aliweza kulisoma jingine. Kwa gari zima kulikuwa na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazikulindwa na hata moja.

Lakini barabara za Uganda huru hazikuwa za Waingereza peke yao. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa tangazo kubwa kuliko gazeti lolote. Volkswagen ilishinda mwaka 1962, Peugeot 404 ikashinda 1963 na tena mfululizo 1966 hadi 1968. Volkswagen ilifuata kanuni ya Kijerumani, na katika kanuni hiyo waya wa kahawia ni athi. Rangi ileile ambayo kwa Mwingereza ni moto wa betri, kwa Mjerumani ni ya kufungwa kwenye bodi.

Nyuma ya kisanduku cha fyuzi nilikuta waya wa kahawia uliofungwa kwa skrubu kwenye bodi. Ganda lake lilikuwa limeyeyuka kwa urefu wa kiganja. Siwezi kuthibitisha, lakini nadhani aliyeufunga pale alikuwa fundi wa Volkswagen.

Tabaka la pili ni nyaya za nyumba, nyekundu na nyeusi, zile za kupitisha umeme ukutani. Ndani zina shaba moja nene badala ya nyuzi nyingi nyembamba, ndiyo maana hukatika gari likitetemeka. Hakuna fundi mwenye hiari ambaye angeziweka ndani ya gari. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na wengi wao ndio waliokuwa wakiagiza na kuuza vipuri. Maduka yakagawiwa watu ambao lugha yetu hii ndiyo iliyowapa jina, mafutamingi, na bidhaa zikaingia katika magendo. (Inashangaza jinsi Kiswahili, ambacho Waganda wengi walikiona lugha ya askari, kilivyotoa maneno mawili bila ambayo miaka ile haielezeki.) Dereva aliyekosa waya wa gari alichukua wa nyumba.

Tabaka la tatu ni Toyota. Athi yake ni waya mweupe wenye mstari mweusi, na alteneta ilikuwa ya Kijapani pia. Awali Land Rover hii iliunga upande chanya wa betri na chesisi, kinyume cha magari ya leo. Aliyeweka alteneta ndiye aliyegeuza.

Hapa chanzo changu kiligombana na chanzo kingine. Bibi, ambaye sisi humwita Jajja, anasema gari liliungua "wakati wa Amin", na fundi akalitengeneza wiki hiyohiyo. Lakini waya uliofungwa sambamba na ule ulioungua, kuchukua nafasi yake, ni wa Toyota, na nyaya za Toyota kutoka magari yaliyotumika Japani zilienea Kampala baada ya Amin kuondoka. Nilipomwuliza tena, Jajja alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, liliungua mara nyingi." Sikuwa nimefikiria swali hilo.

Kuhusu nyaya mpya tulikuwa na njia tatu. Uingereza bado wapo wanaoshona tita kamili la Land Rover za zamani kwa rangi zake halisi, ila bei, usafiri na ushuru vilimfanya Baba acheke. Soko la Kisekka lina nyaya za Toyota zilizokatwa kutoka magari mazima, kwa bei nafuu, lakini urefu haulingani na kila soketi inatafuta kifaa ambacho sisi hatuna. Tulichagua kushona zetu Katwe, kwa fundi mzee wa umeme wa magari.

Tulilaza tita la zamani juu ya ubao, tukapigilia misumari kila linapojikunja, kisha nyaya mpya zikafuata njia ileile. Tuliweka fyuzi nane, relei za taa kubwa, na raba kila waya unapopita kwenye tundu la bati. Athi tulizivuta hadi kwenye chesisi, kwa sababu bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na inapokutana na chuma hula kutu.

Ubishi ulikuwa wa rangi. Mimi nilitaka za Lucas. Fundi alitaka za Toyota. "Kesho likizima Masaka," aliniuliza, "litatengenezwa na nani, Mwingereza?" Sikuwa na jibu. Mwishowe tulitumia za Lucas, isipokuwa kahawia: waya wa betri ukawa mwekundu mnene, na taa ndogo zikapewa njano. Nikaandika orodha ya rangi zote kwa Kiswahili na Kiganda, nikaibandika ndani ya boneti.

Siku ya kwanza fundi hakuunga betri moja kwa moja. Aliweka balbu katikati ya njia ya umeme. Kama kuna shoti, balbu huwaka kwa nguvu zote na waya hubaki salama. Iliwaka. Tulikuwa tumebana waya wa honi chini ya bati, na tuliutafuta saa nzima. Jaribio la pili balbu ilibaki giza.

Shaba haikuuzwa. Tita la zamani limo kwenye gunia chumbani kwangu, kila waya na kibandiko chake. Mmoja bado hauna. Ni wa zambarau, unatoka kwenye kisanduku cha fyuzi hadi chini ya kiti cha nyuma, na umekatwa safi kwa kisu. Kitu fulani pale kilihitaji umeme hata swichi ikiwa imefungwa. Jajja anasema babu hakuwahi kuwa na redio garini.