Uzao wa Bwana Msa: Urithi wa Mpelelezi katika Riwaya ya Kiswahili

Ukimwuliza mtahiniwa asili ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, aghalabu atakujibu kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja. Jibu hilo lina ukweli, ila ni nusu ya historia. Makala haya yanadhamiria kuijadili nusu ya pili: Bwana Msa naye alimzaa nani?

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alikuwa mwandishi wa magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapishwa 1960. Holmes, aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle mwaka 1887, yumo ndani yake bila kificho: kiko mdomoni, hoja za kimantiki, na rafiki, Najum, anayeshika nafasi ya Watson. Hata hivyo, kazi anayokabidhiwa Bwana Msa si ya London. Maiti inaonekana mzimuni, mahali ambapo watu wako tayari kuamini kwamba walioua si binadamu. Katika Kisima cha Giningi (1968), jina la kitabu lenyewe linaitaja Giningi, makazi ya wachawi katika imani za Wazanzibari. Bwana Msa hasadiki wala hadhihaki. Anauliza, anapima, mpaka mwuaji anaonekana kuwa mtu kama sisi, mwenye tamaa kama zetu.

Holmes amepata warithi wa ukoo. Laurie R. King, mwaka 1994, alimpa mwanafunzi ambaye baadaye anakuwa mkewe. Nancy Springer, mwaka 2006, alimpa dada, Enola. Na Brittany Cavallaro, mwaka 2016, aliwakutanisha shuleni Marekani Charlotte Holmes na Jamie Watson, vijana wa uzao wa wawili wale wa kale. Urithi huo ni wa damu na jina.

Kwetu urithi ulipita njia nyingine. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), alimleta Inspekta Wingo, na upelelezi ukatoka mikononi mwa raia ukaingia katika ofisi ya polisi. Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), alimleta Willy Gamba, jasusi wa serikali. Zama hizo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa hiyo adui hakuwa tena jirani mwenye tamaa; alikuwa adui wa bara zima. Ben Mtobwa naye akamleta Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea kama Bwana Msa, akiwa na mwandani wake Nuru. Hapo ndipo uzao unapodhihirika: Najum amerudi kwa sura ya msichana.

Mwalimu unayefundisha Kimulot, katikati ya mashamba ya majani-chai, una mfano karibu nawe. Kwa desturi ya Wakipsigis, mtoto mchanga hutajiwa majina ya wahenga mpaka apige chafya, na mhenga aliyetajwa wakati huo ndiye anayeaminika kurudi kwake. Hata hivyo, hakuna anayetarajia mtoto huyo aishi maisha ya babu hatua kwa hatua. Vivyo hivyo, Gamba na Kiango si nakala za Bwana Msa, wala Bwana Msa si nakala ya Holmes.

Lakini kila mirathi ina kilichoachwa. Kiko kilipopisha bastola, taharuki iliongezeka, na mzozo baina ya akili na hofu ya uchawi ukasogezwa kando. Tusidhani mzozo huo ulikuwa umekwisha katika jamii. Mnamo Mei 2008, huko Kisii, si mbali na nchi hii ya chai, watu 11 waliteketezwa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Swali la Bwana Msa, "ni mtu gani aliyetenda, na kwa nini?", lilihitajika mno siku ile, na halikuulizwa.

Kwa hiyo, mtahiniwa, usitosheke kuandika kwamba fulani amemwiga fulani. Onyesha mrithi amechukua nini, amekibadilisha vipi kulingana na wakati wake, na ameacha nini. Nawe mwalimu, riwaya hizi zinazoitwa pendwa usiziachie wasafiri wa basi peke yao. Mwanafunzi aliyezoea kumfuata Bwana Msa kutoka mzimuni hadi kwa mwuaji amekwisha kujifunza kudai ushahidi kabla ya kumnyoshea mtu kidole, na somo hilo atalihitaji hata baada ya mtihani.