Pingu za Maisha, Pingu za Sinema

Mnamo Februari 2015, Bodi ya Kuainisha Filamu nchini (KFCB) ilipiga marufuku filamu ya Fifty Shades of Grey, iliyotokana na riwaya ya E. L. James ya mwaka 2011. Huku Changamwe, marufuku hiyo iliitangaza filamu kuliko bango lolote. Pale Magongo nilimsikia kijana akimuuliza muuza sidi, "Ile ya pingu unayo?" Akajibiwa, "Hayo mambo ya Wazungu, bwana."

Ni ya Wazungu kweli? Istilahi zake, ndiyo. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Krafft-Ebing alieneza majina mawili yaliyotokana na waandishi: Marquis de Sade, kwa anayepata raha akiumiza, na Leopold von Sacher-Masoch, kwa anayeipata akiumizwa.

Lakini lugha ya minyororo katika mapenzi sisi tunayo. Magazeti yetu huandika kila mara kwamba fulani na fulani "wamefunga pingu za maisha". Katika taarab na bongo fleva, mpenzi ni mtumwa, mfungwa, mateka. Tena twayasema haya katika pwani ambako minyororo ilikuwa chuma hasa. Ng'ambo ya kisiwa, kule Kisauni, Freretown ilianzishwa mwaka 1875 kuwapokea watumwa waliookolewa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani hii hadi 1907.

Aliyefungwa kwa chuma hakuulizwa. Anayejiita mtumwa wa mapenzi amejitoa mwenyewe, na kesho aweza kujiondoa. Kinachowatenganisha ni neno moja: ridhaa.

Hapo ndipo mjadala wetu wa 2015 ulipopwaya. Tulibishana kuhusu uchi na maadili, ridhaa tukaisahau. Ughaibuni, watetezi wa wanawake walimlaumu Christian Grey kwa kumfuatafuata na kumdhibiti Anastasia, zaidi ya zile kamba na pingu.

Na sisi tulikuwa na la kujadili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilifafanua ridhaa kuwa kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Hata hivyo, kifungu cha 43 kiliwatenga waliooana kihalali. Ilibidi kungoja Mei 2015, miezi mitatu baada ya marufuku, ndipo sheria ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani itaje ukatili wa kingono ndani ya ndoa.

Pingu za sinema tulizipigia kelele. Za maisha, tulizipigia vigelegele bila kuuliza aliyefungwa amekubali nini.