Hospitali Iliyofungua Mlango Parklands

Msomaji, ukiugua leo katika mji wa Nairobi, hapana mtu atakayeitazama rangi ya ngozi yako kabla ya kukupa kitanda. Jambo hili huenda waliona la kawaida, lakini babu zako hawakulipata kwa urahisi. Yafaa basi uijue historia ya hospitali moja iliyosaidia kulileta.

Zamani za ukoloni kila kabila la watu lilikuwa na mahali pake pa kutibiwa. Hospitali ya wenyeji ilianzishwa mwaka wa 1901 ikiwa na vitanda 40 tu. Mwaka wa 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikaitwa Kenyatta. Wazungu nao walifunguliwa European Hospital mwaka wa 1954, ile ambayo leo ni Nairobi Hospital na hupokea watu wote. Maradhi hayakubagua watu. Tiba ndiyo iliyobagua.

Mwaka huo wa 1954 Waismailia waliadhimisha miaka 70 ya uimamu wa Aga Khan wa Tatu. Walimpima katika mizani kwa platini, madini ya thamani kubwa, kama walivyompima kwa almasi Dar es Salaam mwaka wa 1946. Kwa ukumbusho wa sherehe hiyo ikajengwa hospitali katika mtaa wa Parklands, ikaitwa Aga Khan Platinum Jubilee Hospital. Mzee mwenyewe hakujaliwa kuiona ikifunguliwa, kwa kuwa alifariki mwaka wa 1957, akarithiwa na mjukuu wake.

Hospitali ilifunguliwa mwaka wa 1958. Fikiri siku hizo zilivyokuwa: hali ya hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952 ilikuwa haijaondolewa, na uhuru ulikuwa bado miaka mitano. Hata hivyo, nyumba hii iliyojengwa na jamii moja ilipokea wagonjwa wa kila rangi na kila dini.

Tangu hapo imekua sana. Mwaka wa 2005 ilifanywa hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, chuo kilichoanzishwa Karachi mwaka wa 1983. Hivyo anayetibiwa hapo huwa pia sababu ya daktari kijana kujifunza kazi yake, chini ya macho ya wakubwa wake. Huduma za moyo na saratani nazo zimepanuliwa, na zahanati zake zimeenea katika miji mingine.

Lakini usidhani kwamba habari imekwisha. Hospitali ya binafsi haiendeshwi kwa kodi ya wananchi. Hata ile isiyotafuta faida, kama hii, hapana budi ilipe mishahara, inunue dawa na kutengeneza mitambo. Na sehemu kubwa ya gharama hizo hutoka katika ada ya mgonjwa. Ipo misaada kwa wasiojiweza, lakini haiwatoshi wote. Kwa hiyo mkulima mwenye saratani aweza kusimama mbele ya mlango usiouliza rangi yake, akashindwa kuingia kwa sababu ya mfuko wake.

Waliokutangulia waliuondoa ukuta wa rangi. Ukuta wa fedha ungalipo, nawe msomaji, uwe daktari, karani au mbunge, utaukuta njiani. Anza sasa kufikiri namna ya kuubomoa.