Arosto ya mtoto mchanga
Hali inayompata kichanga aliyezoea heroini au methadoni tumboni, dawa inapokoma baada ya kuzaliwa. Kwa heroini (unga), dalili huanza mara nyingi ndani ya siku mbili; kwa methadoni huweza kuchelewa. Dalili hizo ni kilio chembamba kisichobembelezeka, mitetemeko, chafya mfululizo, kunyonya kwa shida, kuharisha. Dar es Salaam, kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, kisha Mwananyamala (Kinondoni) na Temeke. Mjamzito anayetumia methadoni haachishwi dozi ghafla, hata ndugu washinikize, kwani mimba huweza kuharibika. Kichanga hutulizwa kwanza bila dawa: mwanga hafifu, khanga ya kumviringisha, kifua cha mama, na ziwa lake ikiwa ameacha unga. Mofini ya matone huachiwa vichanga waliozidiwa.